Kitabu cha shilingi 50 na cha 2,500: kipi kitamfikisha mtoto kwa jirani?

Mzazi wa Nairobi anayetaka mwanawe wa darasa la kwanza ajue namna watu wengine wanavyoishi ana njia nne: mitumba ya barabarani, duka la vitabu, simu yake mwenyewe na maktaba. Bei zinapishana mno, na hilo kila mtu analijua. Kisichosemwa ni kwamba kila njia ina watu wake. Ukinunua mahali pamoja tu, hata ukijaza rafu, mtoto atakuwa amekutana na wageni wa aina moja.

Tuanze na mitumba, maana ndiko wengi wetu tunakoanzia. Vitabu vikitandazwa juu ya gunia, mjini kati au soko la Toi, cha picha huenda kwa shilingi 50 hadi 200, na ukichukua vitano kwa mpigo muuzaji hakosi kukupunguzia. Vingi vina jalada gumu, karatasi nzito na rangi ambayo haijapauka. Fungua jalada, mara nyingi utakuta muhuri wa maktaba ya shule fulani ya Marekani au Uingereza, pengine na kile kimfuko cha kadi bado kimegandishwa kwa ndani. Kwa ubora wa uchapaji, hamna shilingi 100 inayokupa zaidi ya hapo. Tatizo ni kilichomo: theluji, basi la shule la manjano, bata mzinga wa mwezi Novemba. Mtoto aliyelelewa na rundo hilo ataijua Ohio kabla ya kuijua Lamu.

Na hata Ohio yenyewe ataijua nusu. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kilipohesabu vitabu vya mwaka 1985, kiliona kwamba kati ya takriban 2,500 vilivyochapishwa Marekani, vilivyotokana na waandishi na wachoraji Weusi vilikuwa 18. Mambo yamebadilika sana tangu hapo, lakini mitumba huja ikiwa imekwisha kuzeeka. Angalia mwaka wa uchapishaji nyuma ya ukurasa wa jina kabla ya kutoa pesa. Cha miaka ya 1980 kinaweza kuwa na hadithi tamu sana, ila usikitegemee kumweleza mtoto Wamarekani ni watu gani.

Dukani kuna bei mbili. Kitabu kipya cha picha kutoka Marekani huandikwa dola 8.99 au zaidi kikiwa na jalada laini, na dola 18.99 hivi kikiwa na jalada gumu. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni karibu 1,170 na 2,470, kabla ya nauli ya mzigo na faida ya mwenye duka. Cha wachapishaji wetu, chembamba, chenye jalada laini, kwa kawaida ni kati ya 200 na 400. Serikali nayo imo: Sheria ya VAT ya 2013 iliviweka vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, kwa hiyo katika kitabu cha shilingi 400, shilingi 55 si za mwandishi wala mchapishaji.

Je, hicho cha 1,170 kina thamani yake? Chukua *Handa's Surprise*, kilichotoka 1994. Msichana anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kwenye kikapu kichwani, na njiani wanyama wanayachomoa moja moja bila yeye kujua. Wizi huo haumo kwenye maneno, umo kwenye picha tu, kwa hiyo mtoto asiyejua kusoma ndiye anayejua mengi kuliko msomaji, na atakupigia kelele umwambie Handa ageuke. Kwa ufundi huo, lipa. Lakini mwandishi na mchoraji wake, Eileen Browne, ni Mwingereza, na watoto aliowachora ni Wajaluo. Mtoto wa Ahero atataka kujua ni njia gani hiyo ya kwenda kwa rafiki yenye ndovu, twiga, mbuni na punda milia kwa zamu. Kinunue kama mchezo wa picha. Kama ni maisha ya Wajaluo unayatafuta, mpeleke mtoto Kisumu, au endelea kusoma.

Wangari Maathai, mwanamazingira wa Nyeri, naye ni kisa kingine. Baada ya tuzo ya Nobeli ya 2004, wachapishaji wa Marekani walifuatana kutoa vitabu vya picha juu yake: cha Jeanette Winter na cha Claire Nivola mwaka 2008, kisha *Mama Miti* cha Donna Jo Napoli mwaka 2010. Ni vizuri, sina neno. Ila mtoto wa Nyeri anauziwa jirani yake kwa dola.

Wachapishaji wetu wana udhaifu wa upande mwingine. Wanaandikia shule, kwa hiyo hadithi nyingi huishia na maswali ya ufahamu, na mgeni ndani yake huwa nadra. Tafsiri zingeweza kuziba pengo hilo, nazo si jambo jipya kwetu. Alice wa Lewis Carroll alitoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kama *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na katika michoro akageuzwa mtoto wa Kiafrika. Najua walikusudia mema, lakini hapo mgeni aliondolewa mlangoni kabla watoto hawajamwona. Siku hizi kuna tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wametoa *Mwana Mdogo wa Mfalme* cha Saint-Exupéry. Hiki cha pili kinafaa zaidi kwa mtoto wa miaka tisa na kuendelea. Wa darasa la kwanza utamsumbua bure.

Sasa simu. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za bure kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingi za Kiafrika, zikiwemo Kiturkana, Kimaasai na Kiganda, nyingi zikiwa zimeandikwa na walimu na wakutubi wa huku huku. StoryWeaver ya Pratham Books, India, inakupa nchi ya sari, mvua za masika na bajaji, bila senti. Hapa ndipo mtoto wa Kenya anapomkuta Mturkana na Mhindi, yaani watu anaoishi nao nchi moja, ambao mitumba haimletei na duka halimletei. Leseni zao zinaruhusu kuchapa kwa matumizi ya nyumbani.

Hesabu ya kuzichapa saiba ni rahisi. Kitabu cha kurasa 16, kurasa mbili kwenye uso mmoja wa A4, ni nyuso nane. Wakikutoza 20 kwa uso wa rangi, ni shilingi 160. Nyeusi kwa 5, ni 40. Kunja, piga pini katikati, basi. Ubaya ni kwamba ubora unayumba. Utakuta hadithi safi, na inayofuata imetafsiriwa kwa Kiswahili kinachokwaruza sikio. Soma mwenyewe hadi mwisho kabla ya kuchapa.

Maktaba nitaisema kwa ufupi kwa sababu iko wazi: McMillan, iliyofunguliwa 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ni mahali pa kujaribu kitabu cha 1,170 kama kipo, kabla ya kukilipia.

Kuna aina moja ambayo ningeiacha rafuni kwa bei yoyote, nayo ni vile vitabu vikubwa vya watoto wa dunia, kila nchi ukurasa mmoja na mtoto mmoja aliyevaa nguo za sherehe. Ukishikishwa kimoja, fungua ukurasa wa Kenya kwanza. Ukikuta shuka nyekundu, mkuki na simba nyuma, basi utajua ukurasa wa Peru na wa Mongolia umetengenezwaje.

Ningepewa shilingi 2,000 leo, 800 zingekwenda saiba kwa vitabu vitano vya rangi: viwili vya hadithi za Waturkana na Wamaasai kwa Kiswahili, vitatu vya India. Mia nne ningeziweka kwenye mitumba, nikichagua kwa mwaka na kwa jina la mwandishi, si kwa jalada. Mia nane zilizobaki zinatosha vitabu viwili vipya vya hapa, hata vikiwa vya bei ya juu. Vya dola ningevisubiri Toi. Vingine hufika baada ya miaka kadhaa, kwa shilingi 150.