Nati za Gurudumu Hukazwa Mara Mbili

Lori linalotoka Goma kwenda Rutshuru hupita Kibumba na Rugari, kisha hufika Rumangabo, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, baada ya kilomita 45 hivi. Njia hiyo imepita juu ya mawe ya volkano, makali na magumu, na gari la kazi huko hupasua tairi kabla halijazeeka. Magari ya doria, ya hospitali na malori ya makaa na saruji hutolewa magurudumu na kurudishiwa mara kwa mara. Fundi akishakaza nati ya mwisho pale Goma, watu huhesabu kazi imekwisha. Haijakwisha. Imebaki nusu yake, na mahali pa kuimalizia ni Rumangabo.

Sababu iko ndani ya chuma. Wengi hudhani kwamba gari limetundikwa kwenye bolti za gurudumu, na kwamba bolti ikiwa nene inatosha. Kwa kweli kinachobeba uzito na kupokea breki ni msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Nati inapokazwa, bolti huvutika kidogo sana, kama springi, na kwa kuwa inataka kurudi urefu wake, huibana rimu dhidi ya habu. Mbano ukiwa mkubwa, nyuso hizo mbili huwa kitu kimoja. Ukipungua, rimu huanza kuteleza huku na huku kwa sehemu ndogo ya milimita, jambo ambalo jicho halilioni. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alithibitisha kwa majaribio kwamba mtelezo wa namna hiyo, wa upande kwa upande, ndio hasa unaofungua nati, kuliko mtikisiko unaovuta bolti kwa urefu wake. Barabara ya mawe hutoa mtelezo huo kila hatua, na bolti zinazopindwa huku na huku mwishowe huchoka na kukatika.

Sasa, kati ya nguvu yote inayotiwa kwenye spana, ni kama asilimia 10 tu inayogeuka kuwa mbano. Iliyobaki huliwa na msuguano wa meno ya bolti na wa kikalio cha nati. Kutu na vumbi jeusi la volkano likijaa kwenye meno, nati itakuwa ngumu mkononi na fundi ataridhika, ilhali mbano wenyewe ni mdogo. Ndiyo maana brashi ya waya hutangulia spana, kwenye meno na kwenye nyuso za rimu na habu. Hata baada ya kusafisha, chembe za rangi na kutu zilizobaki kati ya nyuso husagika gari linapotembea. Zikisagika, mbano hupungua bila nati kuzunguka hata kidogo. Kwa sababu hiyo kanuni za Uingereza kwa magari makubwa hutaka nati zipimwe tena baada ya gari kusimama nusu saa au kutembea kilomita 40 hadi 80. Kwa gari lililofungwa gurudumu Goma, Rumangabo imo ndani ya kipimo hicho barabara.

Fundi mzoefu atasema mkono wake unajua. Tumpe haki yake, kisha tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya nusu mita, anatia kama newtoni-mita 343. Kwa Land Cruiser ya rimu za chuma yenye nati 5, Toyota hutaka 209 hivi. Mtu huyo amezidisha zaidi ya nusu. Kwa lori la bolti za milimita 22, ambalo kwa kawaida hudai karibu 600, amepunguza sana. Mwili ni uleule na spana ni ileile, na makosa ni mawili yaliyo kinyume. Kuongeza bomba au kuachia mashine ya upepo ilie hadi ichoke si tiba: bolti iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi tena kwenye urefu wake, na mbano wake hauaminiki. Bolti hiyo huonekana nzima siku ya kwanza.

Spana yenye kipimo ni ghali, hilo ni kweli, na gereji nyingi za kando ya barabara hazina. Lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia sokoni, ipo. Ikifungwa kwenye ncha ya spana ya nusu mita na kuvutwa kwa pembe mraba hadi isome kilo 43, imetoa newtoni-mita 210. Haifikii spana ya kiwandani kwa usahihi, lakini inashinda kubahatisha kwa mbali. Nati zikazwe kwa kuvuka, moja na ya upande wa pili, kwa awamu, na kipimo cha mwisho kitolewe tairi ikiwa imekanyaga chini.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama. Nani asimame kwenye njia hii? Mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi akisafiri kutoka Goma kwenda Rumangabo tarehe 15 Aprili 2014. Tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo waliuawa karibu na Kibumba. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, na ndilo linalonifanya nisisitize. Gurudumu lililochomoka halikuulizi usimame wapi. Linakulaza palepale lilipotokea, saa nyingi. Dakika 10 za kupima, mahali penye watu ulipochagua mwenyewe, ni hatari ndogo zaidi. Na wako wengine wasiokuwa na hiari: gurudumu la lori lenye kilo mia hivi, likiachia mteremkoni, huwaendea wanaotembea pembeni na vijana wanaosukuma viazi kwa chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili. Utafiti wa maabara ya usafiri ya Uingereza, TRL, mwaka 2006 ulikadiria kwamba magari makubwa ya huko hupoteza magurudumu 150 hadi 400 kwa mwaka, na kwamba ajali 3 hadi 7 zinazotokana nayo huua. Huko kuna lami, ukaguzi na spana za kipimo.

Dereva naye ana la kuangalia kila asubuhi. Mstari mmoja wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu ukikatika, nati imezunguka. Michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati kama miale, au chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, ni dalili kwamba rimu inacheza. Hapo kukaza tu na kuendelea ni kosa. Gurudumu litolewe, tundu likaguliwe kama limekuwa yai, na rimu yenye tundu la yai isirudishwe. Bolti moja ikikutwa imekatika, zibadilishwe pia mbili zilizo jirani nayo, kwa kuwa ndizo zilizobeba kazi yake. Zikikatika mbili au zaidi, zibadilishwe zote, na kilomita zianze kuhesabiwa upya hadi kipimo cha pili.