Chini ya Mwaya kuna miamba gani?

Ukichimba shimo la choo Mwaya unakutana na mchanga, tope, kisha maji. Mwamba huuoni. Lakini ukipanda kuelekea mgodi wa Kiwira, unakuta miamba yenye makaa ya mawe, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Je, imeishia kule vilimani, au inaendelea chini ya mpunga na kokoa zetu?

Swali hili lina fedha ndani yake, maana wapo wanaoambiwa shamba lao "lina makaa" kwa sababu tu Kiwira yapo.

Sisi tunaishi ndani ya bonde la ufa. Ardhi ilipopasuka, safu ya Livingstone ilibaki juu, upande wa ziwa ukazama, na mito Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka imeendelea kuufukia kwa mchanga. Mwaka 2005 watafiti walichoronga sakafu ya ziwa letu, upande wa Malawi. Walishuka mita 380 ndani ya tope, na tope lote hilo ni la miaka milioni moja na kidogo tu. Miamba ya kale iko chini zaidi.

Anayechoronga hukusanya vipande vya mwamba kila baada ya mita chache, akaviweka kwenye mifuko iliyoandikwa kina. Pengine hukata mwamba mzima, mrefu na wa mviringo kama muwa. Wataalamu wa miamba hutazama rangi, chembe, na chavua ya mimea ya zamani. Kisha hulinganisha mashimo. Tuseme tabaka moja liko mita 200 hapa na mita 900 kule: kati yake pana mteremko au ufa. Shimo moja peke yake halichori ramani.

Majirani zetu wa Bonde la Rukwa wana mfano mzuri. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichoronga Ivuna na Galula ikitafuta mafuta. Shimo la Ivuna lilishuka zaidi ya mita 2,300: tope la ziwa, mawe mekundu ya mchanga, miamba ya enzi za makaa, hadi mwamba mgumu wa chini kabisa. Kwa kutumia chavua ya mashimoni, wataalamu walisema mawe mekundu yana miaka milioni chache tu. Baadaye, mawe ya aina hiyo yanayoonekana juu ya ardhi yalitoa mifupa ya dinosaria, na sehemu nyingine majivu ya volkano ya miaka milioni 25. Lililodhaniwa tabaka moja likawa mawili, yote ya kale kuliko ilivyodhaniwa.

Shimo lina hila: vipande vya juu huweza kuporomoka na kuchanganyika na vya chini. Ndiyo maana kipande kizima huaminika kuliko vilivyosagika.

Visima vyetu vya maji havifiki kina hicho, ila kazi ni ileile. Kijiji kikichimbiwa kisima kirefu, ombeni nakala ya taarifa ya uchimbaji: tabaka zilizopitwa, kina cha kila moja, na mahali maji yalipopatikana. Atakayechimba kisima cha pili ataihitaji kabla ya kutaja bei.