Nesi Akikuuliza "Unavuta?", Usimfiche

Sisi tunajuana. Familia ni watu saba, nyumba ina chumba kimoja, na mvua ikinyesha usiku baba anavutia humo humo ndani. Mwingine anauza kopo la unga wa rasheni apate sigara. Halafu akifika zahanati na kikohozi, nesi anamwuliza: "Baba, unavuta?" Naye anajibu haraka: "Hapana, niliacha zamani." Jamani, mbona tunaogopa swali hilo?

Si swali la kumwaibisha mtu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Moshi wake unaleta kansa ya mapafu, ya koo na ya kibofu. Tumbaku ya kutafuna nayo inaleta kansa ya mdomo. Hata mtoto asiyevuta anaumia kwa moshi wa baba yake: kifua, pumu, masikio.

Manesi wenyewe walitangulia kujibu. Kuanzia mwaka 1976 huko Marekani, manesi zaidi ya 120,000 walieleza kwa maandishi jinsi wanavyoishi, pamoja na kama wanavuta. Walifuatiliwa miaka mingi. Ikaonekana kwamba waliovuta walikufa mapema zaidi, na walioacha hatari yao ilipungua. Mwaka 2003 Linda Sarna na wenzake wakaanzisha mpango wa Tobacco Free Nurses, kuwasaidia hata manesi wanaovuta waache.

Basi nesi anafanya mambo matano: anauliza, anashauri, anaangalia kama uko tayari, anakusaidia kuchagua siku ya kuacha, na anakupangia siku ya kurudi. Hilo la kurudi msilidharau, maana wengi wanaanguka wakiwa peke yao.

Siku za kwanza ni ngumu kweli: hasira, usingizi unapotea, hamu inakuja na kupita. Mama, mvumilie. Watoto wasitumwe dukani kununua sigara. Ukishaacha kwa miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu inashuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mwezi huu ukienda zahanati, usingoje kuulizwa. Sema tu: "Nesi, mimi ninavuta. Nisaidie niache."