Ukifika Singida Utakula Wapi?

Ndugu msomaji, huenda siku moja ukaikuta barua ya uhamisho mezani pako ofisini, nayo imeandikwa Singida. Au huenda basi liendalo Mwanza likakuteremsha pale kwa shughuli ya siku tatu. Utauliza habari za nyumba ya kupanga, utauliza shule ya watoto, utauliza maji. Swali la chakula utaliacha mwisho, kwa kudhani kwamba penye watu hapakosi hoteli. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Jioni yangu ya kwanza mjini humo niliingia katika hoteli moja yenye taa nyingi, viti vya plastiki na televisheni ukutani. Nikaagiza kuku. Nililetewa paja la kuku wa kisasa, laini lakini halina ladha, limelazwa juu ya chipsi, nami nikalipa fedha ambazo zingenitosha kwa chakula cha mchana cha siku tatu. Fikiri, ndugu yangu: nilikuwa katika mkoa ambao hata Dar es Salaam hutajwa pamoja na neno kuku, nami nikala ndege aliyelishwa chakula cha magunia! Kesho yake nilianza kuwauliza wenyeji, na niliyoyapata kwao ndiyo nitakayokusimulia.

Yafaa kwanza uufahamu mji wenyewe. Singida imekaa njia panda. Barabara moja yatoka Dodoma kupitia Manyoni, nyingine yatoka Arusha kupitia Babati, na ya tatu yaelekea Nzega hadi Mwanza. Kila aliyepita njia hizo na kubaki alikuja na chungu chake. Wenyeji wa mji ni Wanyaturu. Kaskazini yao wako Wanyiramba, kusini Wagogo, na magharibi Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wahindi na Waarabu walifungua maduka tangu enzi za ukoloni. Kisha, mwaka 1963, Singida ilipofanywa mkoa, wakaja watumishi wa serikali kutoka pande zote za nchi. Kwa sababu hiyo mtu mwenye mshahara wa kawaida aweza kuizunguka nusu ya Tanzania kwa kijiko kabla juma halijakwisha, mradi ajue mlango wa kubisha.

Mapishi ya wageni hayana shida kuyapata. Pilau utalisikia kwa pua kabla hujaliona, hasa siku ya Ijumaa baada ya sala. Sambusa, bajia na chapati huuzwa karibu kila mtaa wa zamani. Asubuhi kuna supu, na palipo na mpishi kutoka Kilimanjaro kuna mtori wa ndizi, ambao humfaa sana mtu aliyesafiri usiku kucha. Jioni wazee hukaa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu na kipande cha kashata, na mgeni akiamkia vizuri husogezewa benchi. Hapo ndipo pa kuuliza lolote ulitakalo juu ya mji, kwa bei ya kikombe kimoja.

Lakini angalia jambo moja. Mkahawa ni neno lililozaliwa na kahawa ya Waarabu. Chapati na bajia zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Hata mahindi, ambayo unga wake tunauita chakula cha mababu, asili yake ni Amerika. Yaliletwa kwetu katika zama za Wareno. Mtama ndio mwenyeji. Zao hili lilianza kulimwa hapa hapa Afrika, pande za Sudani, maelfu ya miaka iliyopita. Basi nilipouzunguka mji wa Singida nikitafuta ugali wa mtama, niliona ajabu: wageni wote wamekaa sebuleni, na mwenye nyumba hayupo.

Siku ya tatu niliwafuata wapagazi. Huko Misuna liko soko kubwa la vitunguu, ambako magunia hupakiwa katika malori yaendayo miji ya mbali na hata nchi za jirani. Mtu abebaye magunia tangu alfajiri hadanganywi kwa sahani ndogo wala kwa mboga iliyochacha. Mahali anapokula yeye, wewe nawe kaa. Ndiyo kanuni niifuatayo katika kila mji, na haijanitupa. Na jina lenyewe la mama ntilie lilitoka kwa watu wa namna hiyo, waliokuwa wakinyoosha sahani na kusema, mama, nitilie. Siku hizi wengi husema mama lishe, kwa heshima zaidi, lakini mchuzi ni ule ule.

Mama niliyemkuta alikuwa na mafiga mawili, sufuria nne zilizofunikwa na benchi mbili chini ya turubai. Alikuwa na wali kwa maharage, ugali wa sembe na dagaa. Nilipouliza kama kuna ugali wa mtama, alinitazama kidogo kisha akacheka. Aliinama nyuma ya meza akatoa sufuria ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa. Alinieleza kwamba huo huupikia wazee wachache na wagonjwa wa kisukari walioshauriwa kubadili chakula. Vijana hawautaki, kwani huuona kuwa ni chakula cha njaa na cha kijijini. Unga wake haupatikani kila duka kama sembe. Humbidi anunue nafaka, aipete, kisha aipeleke mashineni. Na wateja watatu tu wasipotokea, ugali hukauka na faida ya siku huliwa. Mwaka ujao, alisema, huenda asiupike tena.

Sahani yenyewe ilikuwa hivi: ugali wa rangi ya udongo, mlenda wa majani makavu yaliyotwangwa na kupikwa kwa karanga, na kikombe cha maziwa mgando. Kama hujapata kula mlenda, nakuonya mapema. Huvutika kama uzi, nao huweza kumwaibisha mgeni mbele ya watu. Siri yake ni kuuzungusha mkono mara moja, kwa haraka, na kukata uzi huo ukingoni mwa bakuli. Mimi nilichafua shati. Wapagazi walifurahi sana.

Pengine utasema, ya nini kuhangaika na sufuria moja ndogo? Singida ni nchi kame. Mvua zake hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Mei, na mara kwa mara hukatika mahindi yanapotoa mbelewele. Mtama na uwele huvumilia pale mahindi yanapokufa. Wenye umri wanakumbuka ukame wa miaka ya 1973 na 1974, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliyoufuata. Wanakumbuka pia ule unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambao watani waliupa jina la Yanga. Mkulima hupanda kile kinachonunuliwa. Mji usipoagiza mtama, kijiji hakitauona kuwa na maana ya kuulimia shamba kubwa, na siku mvua itakapokatika ghala litakuwa na mabua ya mahindi.

Sasa nikurudishe kwa kuku, kwani najua hukumsahau. Kuku wa kienyeji wengi huondoka Singida wakiwa hai, wamepangwa katika matenga juu ya mabasi na malori, kwenda kuliwa Dodoma na Dar es Salaam. Wale wabakiao hawapatikani kwa kuingia tu na kuketi. Kuku huyu ametembea, mifupa yake ni migumu, naye huchemka saa nyingi. Mpishi hawezi kumwekea mkaa bila kujua kama yuko mlaji. Mwagize asubuhi ili umle jioni. Mwambie mama amchemshe kwa vitunguu na ndimu, kisha amkaange kidogo kwa mafuta ya alizeti, ambayo mkoa huu ni maarufu kwayo. Si rahisi kwa mtu mmoja kumlipia kuku mzima, nakubali. Changeni wanne. Na usishangae bei ikipanda ghafla: ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini hufagia banda zima, ingawa iko chanjo ya tone moja la jichoni, ambayo mfugaji hutakiwa kuirudia kila baada ya miezi mitatu.

Akina mama wasomao ukurasa huu watauliza juu ya usafi, na wana haki. Tazama kwanza maji ya kunawa: yawe katika ndoo yenye koki, si beseni moja la kunawia watu ishirini. Tazama kama sahani zaoshwa kwa maji ya moto na kama chakula kimefunikwa. Mimi nakiamini zaidi chakula kinachochemka mbele ya macho yangu chini ya turubai kuliko sambusa iliyolala ndani ya kabati la kioo. Tena uliza bei kabla hujanawa mikono. Hakuna aibu, na wapagazi wote hufanya hivyo.

Ukiwa na jamaa yako, iko njia nyingine ya kuipamba Jumapili: samaki wa ziwa Kitangiri, perege au kambare, ambao hufika mjini kutoka upande wa Iramba. Na ukipitia Manyoni au Itigi wakati wa kurudi, usiache kununua asali. Ionje kwanza.

Kwa yule mama wa Misuna nilirudi. Nilimwambia siku moja kabla kwamba tungekuja saba, pamoja na watoto wawili, na kwamba sote tulitaka mtama. Alipika sufuria kubwa. Watoto walicheza na nyuzi za mlenda hadi wakakemewa, lakini sahani zao zilirudi tupu. Ilipofika saa saba ugali ulikuwa umekwisha, na mzee mmoja aliyezoea kuukuta kila siku alipofika, aliambiwa imebaki sembe. Aliketi akala, huku akituuliza kwa hasira kidogo kama kesho pia tutakuwapo.