Filbert Bayi, mtu aliyekimbia mbele tangu mwanzo



Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, utapita Maili Moja. Ukiendelea mbele, hapo hapo Kibaha, utafika Mkuza. Mkuza kuna shule yenye jina la mtu. Jina hilo ni Filbert Bayi.

Watoto wengi wa Kibaha na Kisarawe wanalijua jina hilo kwa sababu ya shule. Lakini ukiwauliza, "Bayi ni nani?" wengine hawana jibu. Haya, leo tumsome. Bayi ni Mtanzania aliyekimbia kuliko watu wote duniani. Tena ni Mtanzania aliyekosa shindano kubwa kuliko yote, na hakulikosa kwa uvivu wala kwa kushindwa.

Mtoto wa Karatu

Filbert Bayi alizaliwa tarehe 23 Juni, 1953, huko Karatu, mkoani Arusha. Karatu ni nchi ya juu, yenye baridi na vilima. Watu wengi wa nchi za juu huwa na pumzi nzuri, kwa kuwa miili yao imezoea hewa nyepesi.

Alipokuwa mtoto, bingwa wa mbio za kati alikuwa Mmarekani aitwaye Jim Ryun. Mwaka 1967 Ryun alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 33.1. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia hivyo. Mwaka huo huo alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.1. Siku aliyokimbia hiyo maili ilikuwa tarehe 23 Juni. Kule Karatu, Bayi alikuwa anatimiza miaka 14.

Mwaka 1968 Mkenya Kipchoge Keino alimshinda Ryun katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, Bayi naye akamshinda Keino. Alikuwa na miaka 19 tu. Waliomwona walianza kuulizana, "Kijana huyu katoka wapi?"

Rekodi ni nini?

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu neno moja, nalo ni rekodi. Rekodi ni muda mzuri kuliko yote uliopimwa na kuandikwa. Watu wamekimbia tangu zamani. Huenda babu yako alimkimbiza paa katika msitu wa Pugu akampita kila mtu. Lakini hakuna aliyepima, wala hakuna aliyeandika. Kwa hiyo imebaki hadithi. Rekodi haiwi rekodi mpaka iandikwe.

Sasa tuone mita 1,500 ni umbali gani. Uwanja wa mpira mara nyingi una urefu wa mita 100 hivi. Basi ukienda toka goli hadi goli mara 15, umepata mita 1,500. Kwenye uwanja wa riadha mkimbiaji huzunguka duara la mita 400. Huzunguka mara tatu, na bado robo tatu ya mzunguko.

Maili moja ni ndefu zaidi kidogo. Ni mita 1,609.

Siku ya tarehe 2 Februari, 1974

Siku hiyo Bayi alikuwa Christchurch, nchini New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Walikuwa wanagombea medali ya mita 1,500. Mwenyeji mmoja aliyeshangiliwa sana alikuwa John Walker. Mkenya Ben Jipcho naye alikuwapo, naye hakuwa mtu wa mchezo.

Kwa kawaida wakimbiaji huenda kwa kuviziana. Hakuna anayetaka kutangulia mapema. Anayetangulia hupigwa na upepo kifuani, na wa nyuma humtumia kama kinga. Karibu na mwisho hao wa nyuma huchomoka wakampita. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wengi.

Bayi hakufuata njia hiyo. Bastola ilipolia, akatoka mbele. Hakugeuka. Akawaacha wenzake nyuma, watu wakasema atachoka tu. Ukikimbia katikati ya kundi unaweza kugongwa viwiko, kukanyagwa na kuanguka. Ukiwa peke yako mbele, hakuna wa kukukanyaga. Lakini lazima uwe na moyo, maana huna wa kumfuata.

Mzunguko wa mwisho Walker alikuja kwa nguvu. Uwanja mzima ulimpigia kelele. Alimkaribia, lakini hakumfikia. Bayi alikata utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Walker alikuwa nyuma yake kama mita mbili na nusu hivi. Jipcho akawa wa tatu.

Rekodi ya Ryun ilikuwa imekwisha. Hata Walker, aliyeshindwa, alikimbia muda mzuri kuliko wa Ryun! Katika michezo hiyo ya Jumuiya ya Madola, muda wa Bayi haukuvunjwa na mtu mpaka mwaka 2022. Hiyo ni miaka 48.

Hebu tupige hesabu. Dakika 3 na sekunde 32 ni sekunde 212. Gawa mita 1,500 kwa 212. Utapata kama mita 7 kwa kila sekunde moja. Ni kasi ya kilomita 25 kwa saa. Mwenye baiskeli, hata kwenye tambarare, hana budi akanyage kwa nguvu ili afuatane naye.

Tarehe 17 Mei, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alichukua na rekodi ya maili. Alikimbia dakika 3 na sekunde 51.0. Alimpita Ryun kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rekodi hiyo hakukaa nayo muda mrefu. Mwezi Agosti mwaka huo huo Walker alikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 49.4.

Sasa dunia nzima ikawa inangoja jambo moja. Mwaka 1976 Olimpiki zingefanyika Montreal, nchini Kanada. Bayi na Walker wangekutana. Nani atamshinda mwenzake?

Mbio ambazo hazikukimbiwa

Hawakukutana. Na sababu yake, ndugu msomaji, haikuwa ya michezo.

Wakati ule Afrika Kusini ilitawaliwa na makaburu. Mtu mweusi hakuwa na haki ya kupiga kura katika nchi yake. Tarehe 16 Juni, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa lugha ya makaburu. Polisi wakawapiga risasi. Watoto wakafa.

Siku chache baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na makaburu. Raga ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa kwa mikono. Nchi za Afrika zikasema haiwezekani. Damu ya watoto haijakauka, wewe unakwenda kucheza na waliowaua? Zikataka New Zealand itolewe Montreal. Wakuu wa Olimpiki wakakataa. Wakasema raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo hayo hayawahusu.

Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanza kutangaza kwamba haiendi. Zaidi ya nchi 20, nyingi zao za Afrika, zilisusa.

Fikiri sasa habari ya Bayi. Ana miaka 23. Miguu iko tayari. Adui yake uwanjani, Walker, anatoka katika nchi hiyo hiyo ya New Zealand. Michezo ya Olimpiki huja mara moja tu kwa miaka minne, na miguu ya mkimbiaji haingoji. Bayi alibaki.

Walker alishinda mita 1,500 huko Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Ukilinganisha na rekodi ya Bayi, ni nyuma kwa sekunde 7. Lakini tusidanganyane. Mbio za kuviziana huenda polepole, na anayeshinda ameshinda. Hakuna awezaye kusema kwa hakika Bayi angeshinda. Tunachojua ni kwamba hakupata nafasi ya kujaribu.

Je, ilikuwa hasara? Kwa Bayi, ndiyo, tena kubwa. Tusiseme kirahisi kwamba haikumgharimu kitu. Kwa Afrika, dunia ilisikia. Makaburu walizidi kutengwa katika michezo. Mwaka 1994 watu wote wa Afrika Kusini walipiga kura. Kususa kule hakukuleta uhuru peke yake, lakini kulikuwa tofali moja katika ukuta.

Medali ya Moscow

Mwingine angekata tamaa akatundika viatu. Bayi hakufanya hivyo. Mwaka 1978 alipata medali ya fedha ya mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton. Halafu akaelekeza nguvu kwenye mbio nyingine, nazo ni mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio hizi mtu huruka viunzi mara 28, na dimbwi la maji mara 7. Kiunzi hufika karibu usawa wa kiuno. Ukikigonga hakianguki, unaanguka wewe.

Mwaka 1980 Olimpiki zilikuwa Moscow. Safari hii Marekani ndiyo iliyotaka nchi zisuse, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Bondia Muhammad Ali alitumwa mpaka Dar es Salaam mwezi Februari kutushawishi. Hapo akaulizwa mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ikaenda Moscow.

Bayi akakimbia kama kawaida yake, mbele, peke yake. Alimwacha kila mtu mbali. Lakini viunzi vinachosha. Kuelekea mwisho Malinowski wa Poland alimfikia, akampita. Bayi akawa wa pili, kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Njia ile ile iliyompa dhahabu Christchurch ndiyo iliyompa fedha Moscow. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui naye alikuwa wa pili katika mita 5,000.

Hizo ndizo medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania imepata mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024.

Toka uwanjani mpaka Mkuza

Miguu huzeeka. Bayi alipoacha kukimbia alifanya kazi ya kuendeleza michezo. Kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Tena akajenga shule, kwanza Kimara, Dar es Salaam, kisha hapa kwetu Mkuza, Kibaha.

Na mbio hazikwisha. Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio ndefu za marathoni za ubingwa wa dunia, huko Tokyo. Marathoni ni kilomita 42 na kitu. Simbu alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde. Kufumba jicho ni kurefu kuliko hapo! Simbu ndiye Mtanzania wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Kwetu Kibaha na Kisarawe mtoto hukimbia kila siku. Hukimbia akitumwa dukani. Hukimbia asichelewe kengele ya shule. Wazazi tunamwambia, "Acha mchezo, utaanguka." Kwa msichana ndiyo zaidi, tunamwambia mbio si heshima. Lakini pengine hatujawahi kumpima hata mara moja.

Kumpima si kazi ngumu. Pimeni mita 100 kwa kamba, kwenye njia isiyo na magari wala visiki. Tumieni saa ya mkono au ya simu. Asikimbie mara baada ya kula, wala saa sita juani. Awe na maji ya kunywa. Halafu andikeni jina, tarehe na muda katika daftari. Mwezi ujao mpimeni tena. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaijua faida ya kuandika. Daftari hilo likifika kwa mwalimu wa michezo, mtoto ana ushahidi mkononi.

Maswali ya kuzungumza

1. Rekodi ni nini? Kwa nini ni lazima iandikwe?

2. Kwa nini Bayi hakukimbia Montreal mwaka 1976?

3. Kama Bayi angekuwa mwanao, mwaka ule ungemwambia nini?

4. Kijijini kwenu kuna mahali pa watoto kukimbilia? Kama hakuna, mnaweza kupata wapi?