Kabla ya Nusu Kaputi

Usingizi wa upasuaji Watanzania huuita nusu kaputi, na jina halikukosea. Aliyelazwa hivyo hasikii maumivu, hakumbuki kitu, na misuli yake imelegea. Kulegea huko ndiko kulikowavutia walimu wa udaktari. Mwanamke aliye macho akipimwa kwa vidole ukeni, tumbo hukaza lenyewe, na mkono unaobonyeza juu ya kinena haupati vizuri umbo la mji wa mimba. Akiwa usingizini tumbo ni laini. Hata asiye na uzoefu hupapasa akaelewa.

Mwaka 1988 ripoti ya jaji Silvia Cartwright wa New Zealand ilionyesha kuwa wanawake walipimwa hivyo na wanafunzi katika hospitali moja ya Auckland bila kuulizwa. Kisha, mwaka 2003, ukachapishwa utafiti wa wanafunzi 401 wa udaktari huko Philadelphia, Marekani. Kati ya waliokwisha kupita wodi ya wanawake, asilimia 90 walikuwa wamempima mgonjwa aliye usingizini. Lakini kinachonikera zaidi ni jambo jingine: hao waliopita wodi waliiona ridhaa kuwa na uzito mdogo kuliko wenzao ambao hawajapita. Sidhani kuna mhadhara uliowaambia hivyo. Nadhani walijifunza kwa kutazama wakubwa wao.

Utetezi ulikuwa kwamba mgonjwa ameshatia saini. Ametia saini ya nini? Aliyekubali kutolewa uvimbe hajakubali kuwa somo. California ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 2003, na tarehe 1 Aprili 2024 serikali kuu ya Marekani ikazitaka hospitali zipate ridhaa ya maandishi kabla ya mwanafunzi kupima matiti, uke, tezi dume au njia ya haja kubwa ya mgonjwa aliye usingizini. Njia nyingine ya kufundisha ipo tangu miaka ya 1970: wanawake wanaolipwa, wakiwa macho, humwelekeza mwanafunzi na kumwambia anapoumiza.

Na ridhaa hutegemea maneno: Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kuhusu matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Hapo Kiswahili chetu cha adabu hutuponza. “Mama, tutakuangalia huko chini kidogo,” muuguzi husema, na mama huitikia kwa haya. Huko chini wapi? Kwa vidole au kwa chombo? Nani mwingine atakuwepo chumbani? Tafsida imemsitiri, ila hajui alichokiitikia.