Imbabura na Nyumba Iliyozibwa

Ni ada ya nyanda za juu za Burundi kwamba mwezi wa Juni ukiingia, mvua ikakatika na mbingu ikatakata, mchana huwa wa jua kali ilhali usiku huleta baridi ya kupenya mifupani; na huko Bugendana, mkoani Gitega, ndiyo majira ambayo mtu akiisha kupika chakula cha jioni huinyanyua imbabura yake, yaani jiko la makaa, ingali na makaa mekundu, akaiingiza chumbani, akafunga mlango, akalala.

Desturi hii si ya ujinga, wala asiyepata kulala katika baridi ile hana haki ya kuicheka. Lakini nyumba imebadilika, na imbabura haikubadilika. Zamani msonge wa nyasi ulivuja hewa kila upande, na hata nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa mategura ilipitisha moshi baina ya kigae na kigae. Leo bati limeshika mahali pa kigae, saruji imeziba nyufa, na yale matundu ya hewa ambayo mwashi huyaacha juu ya dirisha, ukiyachungulia mwezi wa Julai aghalabu utayakuta yamesokomezwa matambara na magunia makuukuu, kwa kuwa ndiko baridi inakoingilia. Bati lenyewe, kwa wembamba wake, huchoma mchana, na usiku wa mbingu tupu huutoa ujoto wake upesi hata likawa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Basi mwenye nyumba huzidisha makaa, kisha huzidisha matambara.

Makaa yaunguayo chini ya jiko hutoa hewa ya ukaa, nayo ipandapo katikati ya makaa yenye moto hugeuka kuwa kaboni monoksidi, ambayo ikifika juu na kukuta hewa ya kutosha huwaka kwa vile vindimi vidogo vya buluu anavyovijua kila mpishi. Vindimi hivyo vikitoweka, watu husema makaa yametulia. Kumbe sumu ingali yatoka, ila sasa haiwaki tena, bali inatanda chumbani bila rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni una madhara makubwa, na Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa uchafuzi wa hewa za majumbani ulileta vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Lakini kwa usiku mmoja wa mlango uliofungwa, nathubutu kusema kuwa kuni mbichi ni adui mwenye insafu zaidi, maana humfukuza mtu kabla ya kumwua.

Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyebainisha, katika kitabu chake cha mwaka 1857, kwamba kaboni monoksidi huiondoa oksijeni mahali pake damuni. Himoglobini, ambayo ndiyo jahazi la oksijeni mwilini, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200, hata shehena halali ikakosa nafasi. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika zaidi kuliko ya mama yake na huchelewa kuiachilia, na kwa hiyo mja mzito ndiye wa kwanza kuepushwa na jiko la chumbani.

Mtu akivuta sumu hii, kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, viungo hulegea. Na katika nchi ya malaria kila mtu husema ni malaria. Tofauti ipo kwa atazamaye: homa haipo, wote waliolala chumba kimoja huugua kwa pamoja, nao hupata nafuu wakitoka nje. Hata kile chombo kidogo kibanwacho kidoleni huko zahanatini huweza kudanganya, kwa kuwa hakipambanui baina ya damu yenye oksijeni na ile yenye sumu hii. Kwa hiyo mgonjwa na amwambie mganga kuwa kulikuwa na imbabura. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa muda wa saa 4 hadi 5, na kwa oksijeni safi ya hospitali muda huo hushuka hadi kama saa moja na nusu.

Wapo wawekao beseni la maji kando ya jiko, na wapo waaminio kuwa kitanda kilichoinuka juu chatosha. Yote mawili ni bure: sumu hii haiyeyuki majini ila kidogo mno, nayo ni nyepesi kidogo kuliko hewa, haitulii sakafuni.

Palipo na fedha, dari ya mikeka chini ya bati huzuia baridi ya usiku na joto la mchana pia. Pasipo nazo, imbabura na iwashwe nje, na maji yachemke juu yake. Yakiisha kupoa kidogo yatiwe katika kidumu kigumu chenye kifuniko kisichovuja, kikazongwe kitenge mara mbili, kikawekwe miguuni pa mtoto bila kumgusa ngozi. Kichanga hana haja hata ya kidumu: alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja blanketi moja, uso wake ukiwa wazi.